Chakula cha nyumbani kinapopanda ndege

Kila mwezi wa Disemba, Nyaramba na vijiji vingine vya Kaunti ya Nyamira hujaa wageni ambao kwa kweli si wageni. Ni wana na mabinti wa nyumbani wanaoishi ng'ambo, wengi wao katika jimbo la Minnesota, Marekani, ambako Abagusii wamefanya makao kwa miaka mingi, hasa katika vitongoji vya Brooklyn Park na Brooklyn Center karibu na mji wa Minneapolis. Huja likizo ya wiki 3 au 4, wakala obokima bw'obori, yaani ugali wa wimbi, kwa chinsaga na maziwa ya mala. Wiki ya mwisho ikifika, masanduku yaliyokuja yamejaa viatu na nguo za zawadi huanza kujazwa upya. Humo hutiwa unga wa wimbi, chinsaga kavu, rinagu iliyochemshwa, njugu karanga, omena, majani ya chai, asali, na pengine kipande cha nyama kavu ambacho nyanya hataki kusikia kimeachwa.

Si ajabu. Mtu aliyekulia mboga za kienyeji haridhiki na zile za kwenye mkebe, na mtoto aliyezaliwa huko hufunzwa kwao ni wapi kupitia sahani kuliko kupitia maneno. Isitoshe, vyakula hivi vina thamani kubwa mwilini. Gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za madini ya kalisi, kiasi ambacho unga wa mahindi haukaribii hata kidogo. Chinsaga na rinagu nazo zina madini ya chuma pamoja na viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A.

Ndugu wa Nairobi ndiye mara nyingi hutumwa kununua na kufunga mzigo huu, na swali analouliza ni moja tu: je, utapita uwanja wa ndege? Ni swali la haki, lakini kuna la pili ambalo husahauliwa: chakula chenyewe ni salama kiasi gani baada ya kukaa gunia, basi, ndege na kabati kwa miezi kadhaa? Watu hudhani kwamba kilichopitishwa na ofisa wa forodha kimethibitishwa kuwa kizuri. Sivyo. Ofisa yule analinda ng'ombe na mashamba ya nchi yake. Hapimi sumu iliyo ndani ya njugu zako. Anaweza kutwaa nyama safi kabisa, kisha akaacha unga wenye kuvu uende nyumbani ukapikiwe watoto.

KINACHOTAFUTWA NA OFISA

Tuanze na huyo ofisa ili tumalizane naye. Nchini Marekani, abiria anatakiwa kutaja kila chakula, mmea, mbegu au kitu cha mnyama alichobeba. Aliyetaja chakula kilichokatazwa hunyang'anywa chakula hicho na safari yake ikaendelea. Aliyeficha anaweza kutozwa faini ya hadi dola 1,000 kwa kosa la kwanza, hata kama ni mzigo mdogo wa kula nyumbani. Mbwa wadogo wa aina ya beagle wamekuwa wakinusa mizigo katika viwanja vya Marekani tangu mwaka 1984, na pua ya mbwa haidanganywi kwa kufunga nyama ndani ya sweta tatu.

Nyama kutoka Kenya hairuhusiwi, iwe mbichi, kavu au ya kukaanga. Sababu ni ugonjwa wa miguu na midomo, ambao upo miongoni mwa mifugo yetu. Ugonjwa huu hauwadhuru walaji, ila huangamiza biashara ya mifugo. Mwaka 2001 uliingia Uingereza, inaaminika kupitia mabaki ya nyama iliyoingizwa kinyume cha sheria na kulishwa nguruwe, na wanyama zaidi ya milioni 6 wakachinjwa. Maziwa hukatazwa kwa sababu hiyo hiyo, na hapa ndipo watu wa Gusii hujikwaa: chinsaga iliyopikwa kwa maziwa, jinsi ipikwavyo nyumbani kwa desturi, si mboga tena machoni pa ofisa. Ni chakula cha maziwa. Ipikwe kwa maji, maziwa yatiwe huko huko yanakonunuliwa.

Nchi za Umoja wa Ulaya pia hukataza abiria kuingiza nyama na maziwa kutoka nje. Matunda na mboga mbichi hudaiwa cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano: ndizi, nanasi, nazi, tende na duriani. Kwa hiyo mwenye jamaa Ujerumani au Uholanzi anaweza kupelekewa kichane cha ndizi bila cheti, lakini si fungu la rinagu mbichi. Marekani nayo hukataa karibu matunda na mboga zote mbichi mikononi mwa abiria. Majani ya chai na kahawa iliyokaangwa havina taabu, na pakiti ya chai ya Kebirigo au Sanganyi ndiyo zawadi nyepesi kuliko zote. Unga na uwekwe katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, kwa kuwa tangu mwaka 2018 poda inayozidi mililita 350 katika mkoba wa mkononi hukaguliwa zaidi kwa safari za kwenda Marekani, na huenda ukaachwa. Kanuni hizi hubadilika, hivyo ni busara kuzisoma upya kabla ya kila safari badala ya kutegemea alivyopita shemeji mwaka juzi.

SUMU ISIYOONEKANA

Sasa tuje kwa lile la pili, ambalo kwangu mimi ndilo kubwa.

Mahindi na njugu karanga zisipokauka vizuri huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Kenya inaijua sumu hii kwa uchungu. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na wilaya jirani za mashariki, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yaliyoharibika, na 125 kati yao wakafariki. Novemba 2019 Shirika la Viwango nchini, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa aina 5 za unga wa mahindi kwa kuwa kiwango cha sumu hii kilikuwa kimepita kile kinachokubaliwa, ambacho ni sehemu 10 katika kila sehemu bilioni.

Anayeila kwa wingi kwa muda mfupi huweza kutapika, kuumwa na tumbo, kuvimba miguu na tumbo, na macho kugeuka manjano kwa sababu ini limeharibika. Lakini hao ndio wachache. Hatari inayowahusu wengi ni ya kidogo kidogo, kijiko leo na kijiko kesho, kwa miaka. Aflatoksini inatambuliwa na wataalamu wa saratani duniani kuwa kisababishi cha saratani ya ini, na hatari huongezeka maradufu na zaidi kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Kupika hakuondoi sumu hii. Joto la sufuria ya ugali au uji ni dogo mno kuivunja. Kukaanga njugu huipunguza tu. Wala huwezi kuionja, na unga ukishasagwa huwezi kuiona, kwa kuwa punje mbovu imechanganyika na nzuri. Ndiyo maana kazi yote ya usalama hufanywa kabla ya mashine ya kusaga, wala si baadaye. Tena fikiria jambo hili: unga wa kutoka nyumbani, kwa kuwa ni wa thamani, huko ng'ambo haupikwi kila siku. Huwekwa. Hupikwa Jumapili au mgeni akija, mwingine ukabaki kabatini hadi Agosti. Kisha ukianza kunukia uvundo, mama huona uchungu kuumwaga kwa sababu ya nauli uliolipiwa, akaamua kuupikia watoto uji.

Basi kwa mahindi, mtu na aanike juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo, kwa kuwa kuvu huyu huishi udongoni. Pande za Nyamira hupata mvua sehemu kubwa ya mwaka, na mara nyingi jua la asubuhi hufuatwa na mvua ya alasiri, kwa hiyo nafaka iliyoanikwa siku 2 huenda bado imeshika maji ndani hata kama ngozi yake ni kavu. Kuna kipimo rahisi ambacho maofisa wa kilimo wamekifundisha kwa miaka mingi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko kadhaa vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi hayajakauka. Yarudishwe juani.

Wimbi hushambuliwa na kuvu kwa nadra kuliko mahindi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuuchagua, ingawa haina maana kwamba ukilowa utabaki salama. Tahadhari zaidi na ule unga wa kuchanganya uliokwisha kusagwa sokoni, wimbi, mtama, muhogo na wakati mwingine mahindi na njugu ndani yake, ambao hujui kila kimoja kilitoka wapi. Nunua wimbi wenyewe, upepete, uondoe mawe, uuoshe, uukaushe tena kabisa, ndipo uupeleke mashineni.

Kosa linalotendeka mara nyingi kuliko mengine ni hili la mwisho: unga hutoka mashineni ukiwa moto na kufungwa papo hapo katika mfuko wa plastiki kwa sababu basi la Nairobi linaondoka usiku. Unga moto hutoa jasho. Jasho hilo hukaa ndani ya mfuko, na kuvu hupata maji yake. Sagisha siku 2 kabla ya safari, utandaze juu ya kitambaa safi mpaka upoe, ndipo ufunge. Ukifika uendako, uweke ndani ya friza kwa siku 4 ili kuua mayai ya fukusi, kisha uuhifadhi humo humo ukipata nafasi. Pakiti za kilo 1 ni bora kuliko mfuko mmoja wa kilo 10 unaofunguliwa kila wiki.

Njugu karanga, ambazo nyingi hulimwa katika kaunti jirani za Homa Bay na Migori, zinunuliwe nzima wala si zilizosagwa. Zimwage mezani penye mwanga, utoe zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zilizopasuka na zilizoota. Usizitupie kuku, maana sumu hiyo huwadhuru nao. Zilizobaki zikaangwe, zipoe, zifungwe. Siagi ya njugu ya kupimiwa barabarani ningeiacha kabisa, kwani njugu zinazokataliwa na macho ya mnunuzi ndizo huweza kuishia mashineni.

CHINSAGA: KAVU AU YA KUCHEMSHA?

Wengi huuliza ni ipi njia bora ya kusafirisha chinsaga. Jibu langu ni kavu, na sababu si ofisa peke yake. Mboga iliyokauka hadi kuvunjika kati ya vidole haina maji ya kukuza bakteria, kwa hiyo inaweza kustahimili safari ndefu bila kuharibika.

Hata hivyo kuna kukausha na kukausha. Jua kali la moja kwa moja huua sehemu kubwa ya vile viini vya vitamini A, na mboga iliyoanikwa juani siku nzima hugeuka kuwa kahawia badala ya kijani kilichokolea. Vitamini C hupotea kwa vyovyote, hivyo asiitegemee mtu kutoka hapo. Chambua majani, yaoshe kwa maji safi, yatumbukize katika maji yanayochemka kwa dakika 2 au 3, yachuje, kisha uyatandaze juu ya wavu mahali penye kivuli na upepo, yakifunikwa kwa kitambaa chepesi dhidi ya nzi. Kando ya barabara si mahali pa kuanika chakula. Vumbi la magari hushika jani lililolowa kama gundi. Yakishakauka yahifadhiwe gizani. Madini ya kalisi na chuma hubaki, na kwa mama mjamzito hilo si jambo dogo.

Sasa ile ya kuchemsha. Desturi ya nyumbani ni kuipika chinsaga kwa muda mrefu na kuipasha tena siku ya pili na ya tatu, ili uchungu upungue. Chunguni hilo halina ubaya mkubwa, kwa kuwa hupashwa moto mara kwa mara. Ndani ya sanduku la ndege hakuna wa kuipasha. Chakula kilichopikwa kikikaa zaidi ya saa 2 kati ya nyuzi 5 na 60 za selisiasi, bakteria huzaana kwa kasi. Kutoka Nyaramba hadi Nairobi ni nusu siku barabarani. Kutoka Nairobi hadi Minneapolis hakuna ndege ya moja kwa moja, na ukiongeza kusubiri njiani, safari hupita saa 20.

Lililo baya zaidi ni kuifunga mboga iliyochemshwa ndani ya chupa au mfuko uliotolewa hewa ili isiharibike. Kuna bakteria ambaye hapendi hewa. Mbegu zake zimo udongoni, hazifi kwa kuchemshwa kwa sufuria ya kawaida, na zikifungiwa mahali pasipo na hewa, penye unyevu na pasipo na uchachu, huamka na kutoa sumu ya botulini, mojawapo ya sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Mboga za majani zilizochemshwa ndizo hasa mazingira hayo. Aliyeidhurika huanza, mara nyingi baada ya saa 12 hadi 36, kuona vitu viwili viwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito, kisha misuli ya kupumua kudhoofika. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali mara moja, na daktari aambiwe alikula nini. Chakula chenye sumu hii huenda kisiwe na harufu mbaya hata kidogo.

Kwa hiyo anayeng'ang'ania ya kuchemsha na aigandishe katika friza mpaka iwe jiwe, kwa vipande vidogo, aisafirishe ndani ya kisanduku cha barafu, na afikapo aipime kwa ukali. Ikiwa katikati bado kuna barafu, na irudi friza. Ikiwa imeyeyuka na kuwa vuguvugu, imekwisha. Kuna wanaosema wamefanya hivyo miaka 10 bila kuugua. Nawaamini, lakini sitabadilisha ushauri.

Kuhusu omena, samaki kwa matumizi ya nyumbani huruhusiwa Marekani, na Ulaya hukubali hadi kilo 20. Kinachotakiwa ni kununua zilizoanikwa juu ya nyavu zilizoinuliwa, si mchangani, zisizo na harufu ya mafuta yaliyochacha. Asali haina shida kwa mtu mzima, lakini mtoto aliye chini ya mwaka 1 asionjeshwe hata kwa kidole, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za yule yule bakteria wa botulini, na tumbo la mtoto mchanga haliwezi kumzuia.

Jambo moja huombwa kwa kunong'ona: odowa, yale mawe ya udongo ambayo wajawazito wengi hutamani. Msiwapelekee. Udongo hauruhusiwi kuingia Marekani bila kibali maalumu, na huenda ukawa na mayai ya minyoo na madini ya sumu kama risasi, ambayo humfikia mtoto tumboni. Isitoshe huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma, wakati hamu yenyewe mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua. Mama mwenye hamu hiyo anahitaji kupimwa damu.

Mzigo wa kuja Nyaramba nao usisahauliwe, ingawa maneno yake ni machache. Vidonge vya vitamini vilivyotengenezwa kama peremende huletwa kwa wingi na kuachwa mezani. Vile vyenye madini ya chuma vinaweza kumuua mtoto mdogo akivila kwa wingi, na viwekwe juu, mahali palipofungwa. Mzee mwenye kisukari aliyeletewa makopo ya vinywaji na chokoleti ameletewa mzigo, si zawadi. Matunda, miche na mbegu zinazoingia Kenya zinahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea.

Shirika hilo ndilo pia hutoa cheti cha afya ya mimea kwa mbegu zinazotoka nchini, na Marekani hudai karatasi kama hizo kabla ya kuruhusu mbegu za kupanda. Natamani wengi zaidi wangeifuata njia hiyo, kwa kuwa huko Minnesota tayari wako wakulima wenye asili ya Gusii wanaopanda chinsaga na rinagu na kuziuzia jamii yao zikiwa mbichi. Msimu wao ni mfupi: hupanda theluji ikishakwisha, mwezi wa Mei, na baridi kali hurudi kati ya Septemba na Oktoba. Mwenye jamaa huko amuulize kama anawajua. Mboga iliyochumwa Julai, ikachemshwa na kutiwa friza jioni ile ile, itamfikisha Disemba ikiwa na nguvu kuliko iliyopitia viwanja vitatu vya ndege, na sandukuni patabaki nafasi ya kilo kadhaa za unga wa wimbi uliokauka barabara.